Kapteni Joubert wa Mrumbi

Ukivuka Ziwa Tanganyika kutoka Karema, ukaelekea machweo ya jua, utafika chini ya milima mirefu ya Marungu, katika nchi ya Kongo. Wenyeji wa huko ni Watabwa, watu wa kulima na kuvua. Ufukoni, penye mdomo wa mto Lufuko, ndipo palipo Mpala, na kusini yake ni Moba. Katika nchi hiyo aliishi miaka arobaini askari mmoja Mfaransa ambaye hakuwa padre, wala mtumishi wa mfanyi biashara. Jina lake ni Ludovic Joubert, lakini habari zake husimuliwa zaidi kwa jina la Kapteni. Alikuja kuwalinda wengine kwa bunduki yake. Akakaa, akaoa, akazaa watoto, akazeeka, akazikwa huko huko.

Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 katika kijiji cha Saint-Herblon, karibu na mji wa Ancenis, upande wa magharibi wa Ufaransa. Watu wa upande ule walikuwa Wakatoliki walioshika sana dini yao. Babu zao walikuwa wamepigana na serikali ya nchi yao wenyewe wakati wa maasi makuu ya Ufaransa, mapadre walipofukuzwa na makanisa kufungwa, na wajukuu walizisikia habari hizo tangu utoto wao.

Alipokuwa na umri wa miaka 18 kulitokea vita katika Italia. Wakati ule Italia haikuwa nchi moja. Papa, zaidi ya kuwa mkuu wa Kanisa, alikuwa na nchi yake ya kutawala kama mfalme, na mji wake mkuu ulikuwa Roma. Waitalia wengi walitamani nchi yao yote iwe chini ya mfalme mmoja, na kwa ajili hiyo majeshi ya mfalme wa Piemonte yaliingia katika nchi za Papa. Baba Mtakatifu Pius IX alikuwa na askari wachache tu. Ndipo vijana Wakatoliki wa Ufaransa, Ubelgiji, Ireland na nchi nyingine walipotoka makwao kwenda kumpigania, na Joubert alikuwa mmoja wao.

Tarehe 18 Septemba 1860 majeshi yalikutana mahali paitwapo Castelfidardo. Askari wa Papa walishindwa. Joubert alijeruhiwa, akatekwa. Alipopata uhuru na nguvu zake hakurudi kwao kukaa, bali aliendelea na utumishi wake katika kikosi cha Wazuavu, walioitwa hivyo kwa sababu walivaa suruali pana na kizibao kifupi kwa mfano wa askari wa Aljeria. Akapanda cheo hata akawa kapteni. Tarehe 20 Septemba 1870 mizinga ilibomoa ukuta wa Roma, na Baba Mtakatifu, kwa kuwa hakutaka damu nyingi imwagike bure, akaamuru askari wake waweke silaha chini. Kikosi kikavunjwa. Hivyo Joubert alipokuwa na miaka 28 alikuwa amekwisha kutumikia vita miaka kumi, na nchi aliyoipigania haikuwako tena.

Askari aliyekwisha kushindwa mara nyingi huwa mtu wa kusimulia tu. Hukaa barazani, hueleza mambo ya ujana wake, na watu humsikiliza kwa adabu. Joubert naye alirudi Ufaransa akakaa kwao, na kama asingeitwa tena labda hakuna mtu wa Afrika ambaye angelijua jina lake.

Aliyemwita ni Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Mwaka 1868 Lavigerie alikuwa ameanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao. Mwaka 1878 alituma msafara wao wa kwanza katika nchi za maziwa makuu, na mwezi wa Januari 1879 baadhi yao walifika Ujiji. Habari alizoandikiwa kutoka huko zilimfadhaisha. Njia zilikuwa za hatari, wapagazi walitoroka, mizigo iliibwa, na katika kila nchi palikuwa na vita vya kukamata watumwa. Mapadre wenyewe hawakuruhusiwa kupigana. Basi Lavigerie akafikiri kuwatafuta Wazuavu wa zamani waliokubali kufuatana na mapadre na kuwalinda, kwa kujitolea.

Shauri hili lilikuwa na maneno mengi, na mpaka leo lina maneno. Injili haihubiriwi kwa bunduki; na mwenyeji aonaye padre na askari wakifuatana atajuaje kama mmoja haji kwa ajili ya mwenziwe? Kwa upande mwingine, mtoto aliyekimbilia kwa mapadre akiwa na kamba shingoni hakuweza kungoja mpaka wenye hekima wamalize kujadiliana. Lavigerie aliyaona mambo yote mawili, akachagua. Wazuavu wa kwanza walikuja mwaka 1879, na baadhi yao walikufa kabla hawajaliona ziwa. Joubert alijua jambo hilo, naye akakubali kuondoka na msafara wa mwaka uliofuata.

Siku zile hapakuwa na gari la moshi la kutoka pwani. Misafara ilikwenda kwa miguu kupitia Ugogo na Tabora, mizigo ikichukuliwa vichwani, na hongo ikitolewa kwa wakuu wa njiani kwa nguo, ushanga na waya. Mwendo huo ulichukua miezi mingi, na homa haikumwacha mgeni hata mmoja. Na kabla Joubert hajaanza kazi yake vizuri, ziwa lilikuwa limekwisha kuonyesha hatari zake. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge katika nchi ya Burundi, mapadre Deniaud na Augier, pamoja na Mzuavu mmoja wa zamani aliyeitwa d'Hoop, waliuawa kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye mapadre walikuwa wakimtunza, na watu wa mkuu wa mahali pale wakimdai.

Kazi ya kwanza ya Joubert ilikuwa upande wa kaskazini wa ziwa, katika ng'ambo ya Kongo, huko Masanze na Kibanga. Mapadre walikuwa wakiwakomboa watoto watumwa na kuwalea, nao wakimbizi walijenga vibanda vyao karibu na misioni. Joubert aliwafundisha vijana kupanga zamu za usiku, kujenga boma, na kutumia bunduki bila kupoteza baruti. Mwaka 1885 alirudi Ulaya. Alikuwa na miaka 43, amekwisha kutumikia pande mbili za dunia, na hakuna mtu ambaye angemlaumu kama angepumzika. Mwaka 1886 alianza safari tena, na mwezi wa Machi 1887 akafika Mpala.

Boma la Mpala lilijengwa mwaka 1883 na Mbelgiji aliyeitwa Storms, askari wa chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Storms alitawala kwa ukali. Alipigana na wakuu wa Marungu, na mmoja wao, Lusinga, aliuawa na watu wake mwaka 1884, na kichwa chake kikachukuliwa mpaka Ulaya. Jambo hilo halikusahauliwa na wenyeji. Mwaka 1885, Mfalme Leopold alipotaka kukusanya nguvu zake upande mwingine wa Kongo, vituo vya Mpala na Karema walipewa Mapadre Weupe. Lavigerie akaona njia ya kutimiza ndoto yake kubwa. Alitaka uwepo ufalme wa Kikristo katika bara ya Afrika, wenye mkuu wake, sheria zake na askari wake wenyeji, ambamo mtumwa hawezi kuuzwa. Kwa kazi ya kuulinda na kuamua mashauri ya watu, alimchagua Joubert.

Basi Kapteni aliingia katika boma lililokuwa na sifa mbaya, akiwa na bunduki chache na neno ufalme likiwa limetangulia mbele yake. Ilimpasa kuwaonyesha watu kwamba hakuja kuendeleza kazi ya Storms.

Yafaa kueleza hali ya nchi ilivyokuwa. Biashara ya ukanda ule ilikuwa ya pembe za ndovu na watu. Wakuu wake walikaa Ujiji, na mkubwa wao alikuwa Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip. Lakini waliovamia vijiji wengi wao hawakuwa Waarabu. Walikuwa watu wa bara, vijana wenye magobori, na wengi wao wenyewe walikuwa wamekamatwa utotoni na kulelewa katika vita. Hata wakuu wengine wa nchi waliuza watu wa jirani zao, na pengine watu wao wenyewe, ili wapate baruti na nguo. Uvamizi ulifanywa alfajiri. Nyumba zilitiwa moto, wanaume waliojitetea waliuawa, wanawake na watoto walifungwa pamoja, wakaendeshwa mpaka ufukoni, wakapakiwa mashuani kwenda Ujiji. Mashamba yalibaki bila wa kuvuna, na waliojificha milimani waliweza kufa njaa baada ya adui kuondoka. Hivyo kwa kila mtumwa aliyefika sokoni, wengine walikuwa wamekwisha kufa nyuma yake.

Mwanzoni wakuu wa Ujiji hawakutaka kuwadhuru mapadre wenyewe, maana hawakutaka ugomvi na Sultani wa Unguja na mabalozi wa Ulaya waliokuwa kwake. Ugomvi ulianza kwa sababu ya wale waliokimbilia misioni. Mwenye kuwinda huona kuwa mnyama wake ameibwa. Mwenye boma huona kuwa mgeni wake ataka kuuawa. Hapo hapana mapatano. Joubert aliwafuata wavamizi mara nyingine hata nje ya boma, akawanyang'anya mateka, akawarudisha. Kila aliporudi na watu alizidisha uadui, na kuzidisha vinywa vya kulishwa.

Katikati ya mambo haya Joubert alifanya jambo ambalo halikuwa katika shauri la mtu yeyote wa Ulaya. Tarehe 13 Februari 1888 alimwoa Agnes Atakao, Mkristo, binti wa Kiafrika, kwa ndoa ya Kanisa huko Mpala. Alikuwa amekaribia kutimiza miaka 46.

Siku zile Wazungu wengi waliokaa bara waliishi na wanawake wa nchi bila ndoa. Walipomaliza muda wao walikwenda zao, na mama alibaki na watoto wasio na jina la baba. Watu waliyajua mambo hayo, wakayanyamazia. Joubert alifunga ndoa mbele ya padre na mashahidi, ndoa isiyovunjika, kama ambavyo angeoa katika kanisa la Saint-Herblon. Kwa desturi za watu wetu aliyeoa kwao hawi mgeni tena. Ana wakwe na mashemeji, na jambo likiwapata, limempata yeye. Ufalme wa Lavigerie ulikuwa katika barua na ramani, lakini nyumba ya Joubert ilikuwa na moto jikoni. Tangu siku ile, alipopanga walinzi wa usiku, mkewe mwenyewe alikuwa ndani ya boma.

Na mwaka ule ule wa 1888 taabu kubwa ilianza. Pwani, watu wakiongozwa na Abushiri bin Salim waliwaondokea Wajerumani wa Kampani, na njia za misafara zikafungwa. Wajerumani na Waingereza wakaweka manowari zao kuzuia watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Kizuizi hicho kilikusudiwa kuwadhoofisha wauza watumwa, nacho kilikuwa na faida yake. Lakini wafanyi biashara wa bara walikuwa na akiba za baruti za miaka mingi, hali Joubert alitegemea vitu vilivyopitishwa njia ile ile iliyofungwa. Hivyo sheria iliyotungwa kwa kumsaidia mnyonge ilimfunga mikono mlinzi wake.

Huko Ulaya, Kardinali Lavigerie, mzee wa miaka 62, alisafiri mwaka huo huo Paris, London na Brussels akihubiri juu ya utumwa wa Afrika. Watu wengi walimsikia, wakalia, wakatoa fedha. Ubelgiji wakaunda chama cha kupinga utumwa, wakaazimia kupeleka watu wenye silaha kumsaidia Joubert. Lakini kutoka azimio mpaka Tanganyika ni mbali. Fedha zilikusanywa, mikutano ya serikali ikafanywa Brussels mwaka 1889 na 1890, maandishi yakatiwa sahihi. Na katika muda huo wote wavamizi waliendelea kushuka Marungu.

Zaidi ya miaka mitatu Joubert na watu wake walingoja. Hapo ndipo alipojenga kijiji chenye ulinzi huko Mrumbi, si mbali na Mpala, akakipa jina la Mtakatifu Ludoviko, yule mfalme wa Ufaransa aliyekuwa askari, mume na baba wa watoto wengi. Wakimbizi wakajaa. Boma lenye wakimbizi wengi lina adui wawili, mmoja nje na mwingine ndani, naye wa ndani ni njaa. Mashamba ya mbali hayakuweza kulimwa bila walinzi, na mlinzi aliyesimama shambani hakuwako ukutani. Wavuvi hawakuthubutu kwenda mbali ufukoni. Ilimpasa Kapteni kuhesabu mihogo kama alivyohesabu risasi. Ilimpasa pia kuamua magomvi, kwa kuwa watu wa vijiji vingi waliobanwa mahali pamoja hukosana kwa mambo madogo, na neno lisiloamuliwa upesi ndani ya boma laweza kumfungulia adui mlango.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba mtu mmoja alilizuia jeshi. Haiwezekani. Waliosimama zamu Mpala na Mrumbi walikuwa wanaume wa nchi ile, Watabwa na wengine waliokombolewa utumwani. Ndio waliozijua njia za milimani, na waliotambua kwa moshi wa mbali kama ni wa mkulima au wa mvamizi. Wengi wao majina yao hayakuandikwa. Kapteni aliwafundisha utaratibu, nao wakampa macho na masikio. Kama wangechoka naye, au kama wangemwona kuwa ni Storms wa pili, milango ingefunguliwa usiku mmoja, na habari ingekwisha.

Mwishoni mwa mwaka 1891 msaada ulifika. Kapteni Jacques wa Ubelgiji aliongoza msafara wa chama cha kupinga utumwa mpaka ziwani, akakutana na Joubert, na baadaye akajenga boma upande wa kaskazini akaliita Albertville, mji ambao sasa unaitwa Kalemie. Lakini vita havikwisha kwa kuja kwake. Mwaka 1892 watu wa Rumaliza walijenga maboma yao karibu na Albertville, wakamzunguka Jacques, na sasa Joubert, aliyengojea kusaidiwa miaka yote ile, ndiye aliyekwenda na watu wake kumsaidia mwenziwe. Misafara mingine ya Wabelgiji ikafuata. Lavigerie alifariki mwezi wa Novemba 1892, asiuone mwisho. Mwaka 1894 majeshi ya serikali ya Kongo yalimshinda Rumaliza, naye akakimbilia upande wa Wajerumani. Mashua za watumwa zikakoma kuvuka kutoka Marungu.

Aliyeshinda hakuwa Joubert, wala ufalme wa Kikristo haukusimama. Serikali ya Mfalme Leopold ilijitwalia nchi yote. Katika sehemu nyingi nyingine za Kongo serikali ile iliwatesa watu vibaya sana kwa ajili ya mpira, hata Ulaya wenyewe wakapiga kelele, na mwaka 1908 Mfalme akaondolewa mamlaka yake na nchi ikachukuliwa na Ubelgiji. Watu wengi walitolewa mkononi mwa bwana mmoja wakatiwa mkononi mwa mwingine. Jambo hili halifai kufichwa. Wale waliokusanya fedha makanisani kwa ajili ya kuwakomboa watumwa hawakukusudia hivyo, lakini njia waliyoisafisha ilipitwa na wengine pia.

Joubert alikuwa na sababu mbili za kuondoka. Kazi ya ulinzi ilikuwa imekwisha, na mamlaka aliyokuwa nayo yalikuwa yakiingia mikononi mwa maofisa wa serikali, vijana waliokuja kwa miaka michache na kwenda zao. Mtu aliyekwisha kuamua mashauri ya nchi huona vigumu kukaa katika nchi ile ile bila cheo. Yeye alikaa. Aliishi Mrumbi kama baba wa nyumba na mzee wa kijiji, pamoja na Agnes na watoto wao. Alishika sala zake, na wagonjwa na wenye shida waliendelea kumjia, ingawa sasa hakuwa na boma la kuwafungulia.

Ng'ambo ya ziwa, huko Karema, aliishi mtu mwingine ambaye maisha yake yalifanana na yake kwa njia nyingine. Huyu ni Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni katika nchi za mto Niger, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889. Naye alioa mke ambaye naye aliitwa Agnes, naye alipata mwana aliyekuwa padre, akawatibu watu mpaka kufa kwake mwaka 1956. Mmoja alikuwa Mfaransa, askari. Mwingine Mwafrika, mganga, aliyewahi kuwa mtumwa. Wote wawili hawakuwa mapadre, na misioni za pande mbili za Tanganyika zilisimama kwa mikono ya watu wa namna hii, ambao vitabu huwataja kwa uchache.

Katika uzee wake Joubert aliona tunda moja la miaka ile migumu. Mtoto wa Marungu, Stefano Kaoze, aliyezaliwa katika miaka ile ile ya uvamizi, alisoma kwa mapadre wa Mpala na kuendelea mpaka mwisho wa masomo ya upadre. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ambako sasa ni Moba, alipewa upadre na Askofu Roelens, akawa padre wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji. Kapteni alikuwa hai, naye alikuwa na miaka 75.

Ugonjwa wa malale ulipoenea katika pwani za ziwa, vijiji vya ufukoni vilihamishwa, na adui huyo hakuweza kupigwa kwa bunduki wala kuzuiwa kwa boma. Jamaa ya Joubert nayo ikaiacha Mrumbi, ikahamia Misembe, karibu na Moba. Huko Kapteni alifariki tarehe 27 Mei 1927, mwenye umri wa miaka 85.

Katika watoto wake, wana wawili walikuwa mapadre. Mmoja, Albert, alizaliwa Mrumbi mwaka 1908, baba yake alipokuwa na miaka 66. Alipewa upadre, akatumikia Wakristo wa ziwani miaka mingi, mpaka upande wa kaskazini, katika nchi ya Fizi, si mbali na Kibanga ambako baba yake aliwafundisha vijana kupanga zamu za usiku. Mwaka 1964 waasi walipoishika nchi ile, Padre Albert hakuondoka. Tarehe 28 Novemba aliuawa kwa bunduki huko Fizi, pamoja na padre Mwitalia aliyeitwa Giovanni Didonè. Na siku hiyo hiyo wamisionari wengine wawili waliuawa Baraka. Tarehe 18 Agosti 2024, katika mji wa Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri.